Wenzangu walilia, mimi nilikasirika: jibu kwa msomaji wa Langoni

SWALI: Mwalimu, assalaam alaykum. Mimi ni msichana wa miaka 20, naishi Langoni, Lamu. Rafiki yangu aliniazima The Fault in Our Stars akaniapia kwamba nitalia mpaka macho yavimbe. Nimekimaliza kwa siku mbili na sikulia. Nilikasirika. Ndugu yangu wa miaka 17 ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu utotoni, na mimi ndiye ninayekesha naye maumivu yakimshika, maana mama huamka usiku kupika mahamri ya kuuza. Yeye akishikwa hasemi maneno ya hekima. Huuma ncha ya kikoi, hututukana, na kukipambazuka ananiomba bando kama kwamba hapakuwa na kitu. Niliposema kitabu kimenichosha, wenzangu waliniambia nina moyo wa jiwe. Je, ni mimi au ni kitabu? Na kuna kitabu ambacho watu kama sisi wamo? Nimeanza kuandika mambo yetu kwenye daftari lakini sijui kama nina haki ya kuyaandika.

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu, na salamu kwa mama na kwa mgonjwa wetu.

Hilo la moyo wa jiwe nilimalize upesi. Asiye na huruma hakeshi. Akikesha usiku mmoja, wa pili atatafuta kisingizio. Basi tusiligombee.

Swali lenyewe ni hili la pili, na jibu langu ni kwamba tatizo ni kitabu, ila si kwa sababu unayoidhani. Wewe unadhani mwandishi haujui ugonjwa. Anaujua. Ndiyo maana naiona hasira yako ina haki kuliko unavyoidai mwenyewe: mengi unayoyajua wewe naye aliyajua, akayasukuma pembeni ili mapenzi yapate njia ya kupita.

Kwa ambao hawajakisoma (na asiyetaka kuharibiwa utamu aachie hapa): ni riwaya ya Mmarekani John Green, iliyotoka Januari 2012 na kutengenezewa filamu mwaka 2014. Hazel Grace ana miaka 16 na saratani ya tezi ya thairoidi iliyosambaa mapafuni, na kila aendako anakokota mtungi wa oksijeni. Augustus Waters ana miaka 17, amekatwa mguu kwa saratani ya mfupa. Wanakutana katika kikundi cha vijana wagonjwa, chini ya kanisa moja mjini Indianapolis. Wanapendana, wanakwenda Amsterdam kumtafuta mwandishi wa kitabu anachokipenda Hazel, na mwishowe anayekufa si yule tuliyekuwa tumeshamwandalia machozi. Huku pwani wengi wameijua hadithi hii kupitia Dil Bechara, filamu ya Kihindi ya mwaka 2020. Ilikuwa ya mwisho ya Sushant Singh Rajput, na ilitoka mwezi uliofuatia kifo chake mwenyewe, kwa hiyo waliolia walikuwa na misiba miwili ndani ya filamu moja. Wala hatukungoja Wamarekani watufundishe kulia namna hii. Wazazi wa rafiki zako waulize kuhusu Kal Ho Naa Ho ya 2003, kijana mwenye moyo mbovu anayemtafutia mchumba msichana anayempenda yeye. Nadhani kuna kanda zilizokatika kwa kurudishwa nyuma pale pale.

Sasa, kwa nini nasema Green anajua? Kabla hajawa mwandishi alihudumu kwa miezi kadhaa kama kasisi mwanafunzi katika hospitali ya watoto jimboni Ohio. Na kitabu amemtabarukia Esther Earl, msichana aliyekuwa rafiki yake, aliyefariki mwaka 2010 kwa saratani hiyo hiyo ya thairoidi akiwa na miaka 16. Huyu si mtu aliyeketi mbali akakisia. Hata Hazel mwenyewe amempa ulimi wa kuzidhihaki hadithi za wagonjwa mashujaa wanaopigana kwa ujasiri mpaka pumzi ya mwisho huku wakiwatia moyo wazima. Yaani tangu mwanzo kitabu kinakwambia: mimi sitakudanganya kama wale wengine. Wewe uliisikia ahadi hiyo na ukaiamini kuliko wenzako, kwa sababu una kitu cha kuipimia. Wao hawakuwa nacho. Ndipo mlipoachana, na haikuwa kwenye machozi.

Kuna mahali sikubaliani nawe, nako ni kwenye maneno ya hekima. Lawama hiyo nimeisikia kwa wengi: vijana wa miaka 17 hawasemi hivyo. Kweli, hawasemi. Lakini wewe ni mtu wa Lamu, mji ambao watu wamejibizana kwa mashairi vizazi na vizazi, na hakuna aliyewahi kumkatiza mshairi kwa kumwambia kwamba binadamu hagombani kwa vina. Maneno yaliyopambwa hayana kosa. Watu wa hadithi wana ruhusa ya kusema vizuri kuliko sisi, la sivyo tungekaa nyumbani tukasikilizana wenyewe. Kosa la Augustus ni kwamba ulimi wake hauchoki. Anaumwa, anakonda, anatapika, na bado sentensi zake zimenyooka kama za mtu aliyetoka kuoga. Maumivu yanamla mwili mzima yakaruka mdomo.

Isipokuwa mara moja. Rudi kwenye kile kipande cha kituo cha petroli. Ni usiku wa manane, Augustus anampigia Hazel simu. Amejikokota mwenyewe kwa gari kwenda kununua pakiti ya sigara, zile ambazo huzitia mdomoni bila kuziwasha ili aonekane mtu wa mafumbo. Hazel anamkuta ndani ya gari, amejitapikia, mahali palipopachikwa mpira wa kulishia tumboni pameingia uchafu na kuoza, anamsihi asiite gari la wagonjwa. Analia kwa sababu alitaka kufanya jambo moja dogo peke yake na ameshindwa. Hapo hakuna mafumbo wala mzaha uliopangwa. Hazel anaita gari la wagonjwa hata hivyo, na mpaka lifike anamsomea shairi, maana hana kingine cha kufanya kwa mikono yake. Mwanangu, huo ndio usiku wako. Kikoi kikaumwe, matusi yatoke, na aliye kando afanye lolote lililopo. Mtu aliyeandika kurasa hizo angeweza kuandika kitabu kizima namna hiyo. Aliandika kipande kimoja, kisha akarudi kwenye maua. Na hicho si kipande ambacho wasichana hukibandika kwenye statasi zao.

Halafu kuna Caroline. Sijui kama ulimtilia maanani, wengi humpita. Caroline Mathers ni msichana aliyekuwa na Augustus kabla ya Hazel. Alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, na ugonjwa ule ulimbadilisha tabia: akawa mkali, akawa anaurudia rudia mzaha wa kuuchekea mguu wa Augustus uliokatwa. Augustus alimchoka, akashindwa kumwacha, maana nani amwache msichana anayekufa? Unamjua mtu huyo. Mgonjwa anayekuumiza wewe unayemhudumia, na huwezi kumjibu, na huwezi kuondoka. Katika kitabu kizima, mgonjwa anayefanana zaidi na ndugu yako ndiye huyu, na amekwisha kuzikwa kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa. Tunasimuliwa habari zake kwa mbali, dakika chache, kisha tunarudishwa kwa Hazel mwenye subira na akili. Filamu ilikwenda mbali zaidi, ikamwondoa kabisa.

Na dada? Wewe uliingia kitabuni ukitafuta dada, hata kama hukuandika hivyo. Hazel hana ndugu, ni mtoto pekee. Augustus anao dada wakubwa, Julie na Martha, walioolewa, wenye watoto. Wanakuja mwishoni anapozidiwa, na kazi yao ni kuchekesha: wanamsemesha kaka yao kama kitoto kichanga, Hazel anawakodolea macho, msomaji anacheka. Mimi kipande hicho hakinichekeshi tena. Dada anayemwita mgonjwa mtoto labda ndiye aliyembeba alipokuwa mtoto. Labda hana jina jingine la kumwita wakati ule. Mwandishi hakutaka kujua, maana kamera iko kwa wapenzi wawili.

Kuna mtu mmoja tu kitabuni aliyekaa mahali unapokaa wewe, naye ni mama yake Hazel. Hapa ningekuomba urudi usome upya, hata kama umeshamrudishia rafiki yako kitabu chake. Hazel alipokuwa na miaka 14, akiwa chumba cha wagonjwa mahututi na kila mtu akidhani ndiyo mwisho, alimsikia mama yake akilia kwamba hatakuwa mama tena. Aliisikia, akainyamazia, akaishi nayo. Kwa hiyo hofu yake kubwa katika kitabu siyo kufa kwake mwenyewe. Anaogopa mama atabaki na nini. Kisha karibu na mwisho inafichuka kwamba mama alikuwa akisoma kwa siri, anachukua shahada ya ustawi wa jamii ili aje kusaidia familia zenye wagonjwa. Alificha asije binti akadhani wazazi wanapanga maisha bila yeye. Na Hazel, badala ya kuumia, anafurahi mpaka machozi.

Jambo hilo linapita upesi mno. Kwangu mimi ndilo jambo kubwa kuliko safari ya Amsterdam na mashampeni yake yote: kwamba anayeuguza ana haki ya kuwa na mpango wake, na mgonjwa anaweza kuufurahia. Wewe una miaka 20. Una mpango gani ambao hujamwambia ndugu yako? Silazimiki kujua, lakini nadhani swali hili lilikugusa mahali ukaligeuza kuwa hasira juu ya kitabu.

Sasa nije kwenye sababu ya ndani zaidi, ambayo haina kosa la mwandishi. Hadithi ya mapenzi na maradhi inahitaji tarehe. Lazima mtu afe, tena afe katika muda ambao msomaji anaweza kuushika mkononi, miezi michache, kiangazi kimoja. Kifo ndicho kinachofanya kila busu liwe la thamani. Tazama hata dawa inayompa Hazel muda, mwandishi ameibuni, haipo duniani, kwa sababu alihitaji ugonjwa utakaongoja hadithi imalizike. Selimundu haina tabia hiyo. Chembe nyekundu za damu zinajikunja umbo la mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, mwili unauma, zinaachia, mtu anainuka. Ananyimwa maji, au anapigwa na baridi ya kusi, au anapata homa, na mzunguko unaanza upya. Zamani watoto wengi wenye ugonjwa huu hawakufika miaka mitano. Leo, ukigunduliwa mapema, kukawa na penisilini, kinga ya malaria na haidroksiurea ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, wengi wanakuwa watu wazima na wanaoa na kuolewa. Hiyo ni habari njema sana hospitalini na ni habari ngumu kwa mtunga hadithi, maana sura ya mwisho haipo. Ndugu yako anaweza kuwa babu. Nani atamwandikia riwaya ya kulilia?

Kwa hiyo unapowaona wenzako wanalia, jua wanalilia mwisho. Wewe unaishi na jambo lisilo na mwisho, na hakuna aliyekufundisha namna ya kulilia hilo.

Kuna upande mmoja nitakitetea kitabu hiki mbele ya mtu yeyote, nao ni jina lake, yaani kosa lililo kwenye nyota zetu. Limetoka kwa Shakespeare, kwenye mchezo wa Julius Caesar, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutia Kiswahili mwaka 1963. Humo Kasio anamchochea Bruto kwamba wakiwa wanyonge wasizilaumu nyota, wajilaumu wenyewe. Green anamgeuzia Kasio meza: yapo mambo ambayo ni ya nyota, hakuna aliyeyafanya. Sasa lilete hilo Langoni. Ni mara ngapi mama yako ameambiwa ni husda? Ni jicho la jirani? Kwamba alikula nini alipokuwa na mimba, au alimkosea nani? Na ni mara ngapi baba ameangaliwa kwa swali hilo hilo? Nadhani ni chache. Selimundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili kwa kipimo sawa. Mama na baba kila mmoja anabeba chembe moja ya urithi huo bila kuumwa, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Tena huko kubeba chembe moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali, ndiyo maana urithi huu umedumu kwenye pwani yenye mbu kama yetu, na ndiyo maana watafiti wa Kilifi wameushughulikia miaka mingi. Hakuna mkosaji. Katika kitabu kizima Hazel haulizi nani alimfanyia nini, na wazazi wake hawalaumiani hata mara moja. Kwa binti wa nyumba yenye lawama, hiyo peke yake inastahili kusomwa kwa sauti mbele ya shangazi fulani.

Fedha nitaitaja kwa ufupi maana ukianza hapo hutamaliza. Safari ya Amsterdam inalipiwa na taasisi ya kubuni inayotimiza matakwa ya watoto wagonjwa. Ndege, hoteli, chakula cha jioni kando ya mfereji. Sasa safari ya kwenda kliniki: boti mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, Malindi, pengine mpaka Mombasa. Mgonjwa ameagizwa na daktari anywe maji mengi. Akiyanywa, atamwomba dereva asimamishe gari mara ngapi, na abiria watamwangaliaje? Asipoyanywa, atafika huko akiwa amekwisha kushikwa. Nipe mwandishi atakayeandika uamuzi huo wa chupa ya maji pale Mokowe saa moja asubuhi, mama anahesabu nauli ya kurudi, dada anaangalia chupa. Nitamsoma kabla ya mashampeni yoyote.

Umeuliza kama kuna kitabu mlichomo. Kipo kimoja kikubwa, na kimetoka kwenu.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Maradhi yalikuwa yamemshika hata mwaka umetimia. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, ajongee, akae, na wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti zipatazo mia moja. Shuleni umeusoma kama utendi wa adabu za mke, na mabishano yote huwa ni juu ya mume: amtii kiasi gani, ampepee mpaka lini. Mabishano hayo ni halali, mimi mwenyewe nimeyafanya na wanafunzi mpaka kengele ikalia. Lakini hebu usome mara moja kama maandishi ya mtu aliyelazwa. Mgonjwa huyu hapambwi na mtu. Ugonjwa wenyewe anaupa nafasi ndogo mwanzoni na kuingia kazini. Anaagiza, anaonya, anafikiria binti ataishi vipi bila yeye. Na mwishoni, katika dua ndefu, anawaombea watoto na ndugu, na anajiombea afya. Hajajipa ushujaa wa kukubali kufa. Anataka kupona, na anasema. Alifariki yapata miaka miwili baadaye.

Ukimlinganisha na Augustus, aliyewaita Hazel na rafiki yake wamsomee hotuba za maziko yake angali hai, utaona tofauti. Augustus anataka kusikia watu watamkumbukaje. Mwana Kupona anataka binti asikwame.

Ila kuna jambo linalokuhusu hapo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Mwana Hashima hatumsikii. Ameitwa na wino na karatasi, amekaa kando ya kitanda, na beti zote zinapita bila yeye kutoa neno. Alikuwa anaukesha ugonjwa ule mwaka mzima, bila shaka. Aliosha nini, alipika nini, alikasirika lini? Hakuna. Kwa hiyo usidhani ni Wamarekani tu waliowasahau akina wewe. Tangu 1858 mpaka 2012, aliyekaa kwenye kiti kando ya kitanda ameshika karatasi na hajaandika ya kwake.

Vingine nitakutajia haraka. Ua la Faraja ya William Mkufya, ya mwaka 2004, ni riwaya ya ukimwi, na ugonjwa humo unagusa mitaa na familia, haukai kwa watu wawili. Ni nene, usiogope. Ustadh Mahmoud Mau, wa hapo hapo mjini kwenu, ana shairi lake juu ya ukimwi. Ukimkuta mtu mwenye nakala, mwombe akusomee kwa Kiamu, usisome peke yako kimya kimya.

Na rafiki aliyekuazima kitabu, usigombane naye. Alikupa kitu alichokipenda. Mwambie umependa kile kipande cha mama anayesoma kwa siri, na umwulize yeye alikionaje. Nadhani hatakikumbuka. Mtakuwa na la kuzungumza.

Daftari sasa. Haki unayo. Usiku ule ni wake na ni wako pia. Maumivu yake huna ruhusa ya kuyasimulia kana kwamba yalikuwa mwilini mwako. Lakini usingizi ulioukosa, maji uliyoyachemsha, neno baya ulilolimeza, hayo ni mali yako na huhitaji kumwomba mtu. Usianze na usiku wa kikoi. Kila mtu huanzia kwenye maumivu, na mkono ukiwa mchanga yote yanageuka kilio. Anza na siku ya kliniki, au na mama anahesabu mahamri huku anasikiliza chumba cha pili. Andika matusi kama yalivyotoka. Ukiona umempa ndugu yako sentensi nzuri ambayo hakuisema, mnyang'anye. Na uandike siku ambazo haumwi, maana ndizo nyingi, na hakuna kitabu cha namna hii nilichokisoma kinachojua la kufanya na siku hizo: kijana wa selimundu amekaa barazani, hana maumivu yoyote, anabishana juu ya mpira, na dada yake kwa mara ya kwanza wiki hiyo hamtazami.

Kabla hujamwonyesha mtu, msomee yeye. Ana miaka 17, anaelewa. Pale atakapokataa, pafute mbele yake na usimwulize sababu. Pale atakapocheka, paache, hata kama wewe huoni kichekesho. Akitaka kukujibu kwa maandishi yake, mpe kurasa. Zitakazobaki nitumie, nami nitazisoma kwa kalamu nyekundu kama ninavyozisoma za wengine.